Pedi za breki za nyuma: pistoni ikigoma, gurudumu likishika, pedali ikizama

Mtu aliyezoea kubadilisha pedi za mbele hudhani za nyuma ni kazi ileile. Anafungua gurudumu, anatoa kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski), anachukua klampu ili airudishe ndani pistoni, yaani silinda ndogo inayoisukuma pedi, na hapo mambo yanasimama: pistoni haisogei. Au inasogea kwa kulazimishwa, anafunga kila kitu, na baada ya siku chache gurudumu moja linachemka kuliko mengine. Kalipa ya nyuma ina kazi mbili. Inashika breki ya mguu na, kwenye magari mengi, inashika hendibreki pia. Karibu kila tatizo utakalolisoma hapa chini linatoka kwenye hiyo kazi ya pili, au kwenye pini ambazo kalipa huteleza juu yake, na ambazo hakuna aliyezigusa tangu gari litoke kiwandani.

Nimezipanga dalili kwa namna zinavyojitokeza: kwanza zile za wakati gari bado liko juu ya stendi, kisha zile zinazokuja likishashuka na kuanza kutembea.

Kabla ya kuinua gari

Kazi ya nyuma ina hatari moja ambayo ya mbele haina. Ni lazima ushushe hendibreki, la sivyo kalipa haitalegea, na ukishaishusha gari linabaki bila cha kulizuia. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele, mahali pagumu na tambarare. Kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele, acha gia ya kwanza, au P kwa otomatiki. Kama linasukumwa na magurudumu ya nyuma, usiitegemee gia: ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) huliruhusu lile la chini kuzunguka, na gari linaweza kutembea huku liko kwenye P. Kabari ndizo zitakazokuokoa hapo.

Legeza nati za gurudumu kabla hujainua. Gari likishapanda, likalishe kwenye stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingize kichwa wala bega chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Pedi hubadilishwa pande zote mbili, lakini fungua upande mmoja kwanza na uuache wa pili ukiwa mzima. Ukisahau springi au klipu ilikaa vipi, unakwenda kuchungulia ule mwingine. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia breki au maji ya sabuni, kisha ulifute. Pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na hata zisizo nayo hutoa vumbi ambalo mapafu hayalihitaji.

Zisome pedi ulizotoa

Usizitupe. Zipange chini kama zilivyokaa kwenye gari: ya ndani, yaani ya upande wa pistoni, na ya nje, za kulia na za kushoto. Pedi mpya kwa kawaida ina nyama ya karibu milimita 10, na ikifika milimita 3 ni wakati wa kuibadilisha. Lakini tofauti kati ya pedi hizo nne inasema mengi kuliko unene wake.

Zote nne zikiwa zimeisha karibu sawa, breki ni nzima na kazi yako itakuwa nyepesi. Ya ndani ikiwa imeisha sana kuliko ya nje, kalipa haitelezi kwenye pini zake. Pistoni inaisukuma pedi ya ndani, mwili wa kalipa unabaki palepale, na pedi ya nje inagusa diski kwa shida. Huenda pia pistoni yenyewe hairudi vizuri. Ya nje ikiwa ndiyo iliyoisha zaidi, mara nyingi pini zimekwama wakati kalipa imebana, kwa hiyo haiwezi kuiachia. Pedi iliyoliwa mshazari, nene huku na nyembamba kule, inakuelekeza kwenye pini moja iliyokwama au kwenye masikio ya pedi (ncha zake mbili) yaliyokamatwa na kutu ndani ya braketi, fremu inayozishika pedi. Na pedi zote mbili za gurudumu moja zikiwa zimekwisha huku za upande wa pili bado zina nyama, tafuta pistoni iliyokwama, kebo ya hendibreki isiyorudi, au hosi (mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye kalipa) iliyoziba.

Pedi hailiki upande mmoja bila sababu, na sababu hiyo ukiiacha itazila na mpya. Ndiyo maana nasisitiza hatua hii hata kwa mtu mwenye haraka: ni dakika chache za kuangalia, na zinaweza kukuepusha kurudia kazi yote.

Kuna magari ya sasa ambayo pedi za nyuma huisha kabla ya za mbele, na hilo huwatia watu wasiwasi bure. Ni kweli kwamba gari likifunga breki uzito huhamia mbele, na breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa. Lakini mifumo ya kompyuta inayogawa nguvu za breki na kulizuia gari lisiteleze huzitumia za nyuma mara kwa mara, wakati mwingine bila wewe kukanyaga pedali. Zikiisha mapema lakini sawasawa pande zote, si ugonjwa.

Diski nayo ipimwe. Unene wa chini unaoruhusiwa huwa umegongwa kwenye diski yenyewe, ukitanguliwa na herufi MIN TH. Pima pale pedi inaposugua, si ukingoni ambako kuna kilima cha kutu. Ikiwa chini ya kipimo hicho, usiifungie pedi mpya.

Pistoni hairudi ndani

Angalia uso wa pistoni kabla ya kutumia nguvu yoyote. Ukiona mifereji, msalaba au vitundu viwili, hiyo ni pistoni ya skrubu: hendibreki inafanya kazi kupitia uzi uliomo ndani yake. Haisukumwi tu, inazungushwa huku inasukumwa. Ukiibana kwa klampu kama ya mbele unaweza kuuharibu uzi huo au utaratibu wa kujirekebisha uliomo ndani, na kalipa nzima ikawa ya kununua.

Kifaa kinachofaa ni kile chenye bamba lenye meno mawili yanayoingia kwenye mifereji, na skrubu inayosukuma wakati huohuo. Koleo la mdomo mrefu linaweza kufanya kazi kwa pistoni iliyo laini, ila likiteleza linachana mpira wa kuzuia vumbi, na mpira uliochanika huingiza maji yatakayoozesha pistoni.

Pistoni nyingi hurudi zikizungushwa kuelekea mishale ya saa inakoenda. Kwenye baadhi ya magari upande mmoja una uzi wa kushoto na huenda kinyume. Ikiwa umezungusha mizunguko kadhaa na pistoni inazunguka palepale, au unaiona inatoka nje, acha. Ongeza msukumo kidogo. Isipoingia, jaribu upande mwingine. Uangalie pia mpira wa vumbi unapozungusha. Ukianza kujisokota pamoja na pistoni, uinue ukingo wake taratibu na uupake grisi ya breki kidogo ili pistoni izunguke ndani yake bila kuuvuta.

Uso wa pistoni ukiwa laini na usio na alama, na katikati ya diski pana kitako kirefu mithili ya kofia, huenda hendibreki yako ina viatu vyake vidogo (vipande vya breki vinavyotanuka na kusugua kwa ndani) ndani ya kitako hicho. Hapo pistoni inasukumwa moja kwa moja kama ya mbele.

Aina ya tatu ni hendibreki ya umeme, ile ya kubonyeza swichi. Ukiona kimota chenye plagi nyuma ya kalipa, usiiguse pistoni kabla ya kuliingiza gari kwenye hali ya matengenezo, ambayo huvirudisha vimota nyuma. Magari mengine huingia kwa mpangilio maalumu wa swichi na pedali ulioandikwa kwenye kitabu chake, mengine yanahitaji mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Kimota kikisharudi, pistoni za aina hii kwa kawaida husukumwa bila kuzungushwa. Kuanzia hapo hadi umalize kufunga, mtu yeyote asibonyeze swichi ile, na vidole vyako visikae ndani ya kalipa wakati umeme umewashwa.

Na kama aina umeijua, unafanya inavyotakiwa, na bado inagoma? Hakikisha hendibreki imeshuka kabisa, kisha ilegeze kebo yake. Kebo iliyokazwa kupita kiasi huishika skrubu ya ndani. Halafu ifungue nipeli ya kutolea hewa, ile skrubu ndogo kwenye kalipa, ukiwa umeivisha mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa. Pistoni ikirudi kirahisi nipeli ikiwa wazi, mafuta ya breki yalikuwa hayana njia ya kurudi: hosi imevimba kwa ndani. Isiporudi hata hivyo, pistoni ina kutu ndani ya silinda yake, na dawa ni kuifanyia kalipa matengenezo kwa seti ya mipira mipya au kuibadilisha. Usiipashe moto.

Pistoni inaporudi, mafuta hupanda kwenye kichupa chake chini ya boneti. Kikiwa kimejaa, punguza kwa bomba la sindano kabla hakijafurika, maana mafuta ya breki huila rangi ya gari. Yakimwagika, osha kwa maji mengi mara moja.

Pedi mpya haiingii, au kalipa haifunikii

Linganisha kwanza pedi mpya na ya zamani, moja juu ya nyingine: umbo la bamba, masikio, unene. Gari la jina lilelile na mwaka uleule linaweza kuwa limefungwa kalipa za aina mbili tofauti kiwandani, na pedi zake hazibadilishani.

Pedi zikiwa sahihi, tatizo ni kutu chini ya vibati vya braketi, vile ambavyo masikio ya pedi hutelezea. Ving'oe vibati hivyo, sugua chini yake kwa brashi ya waya au tupa ndogo mpaka chuma kionekane, kisha weka vipya. Pedi inatakiwa iteleze kwa nguvu ya vidole. Ikihitaji nyundo kuingia, itakataa kurudi ukiachia breki, na umeshajitengenezea gurudumu la moto.

Kwenye magari mengi yenye pistoni ya skrubu, bamba la pedi ya ndani lina kichuchu kinachotakiwa kukaa ndani ya mfereji wa pistoni. Malizia kuizungusha pistoni mpaka mfereji upokee kichuchu hicho. Kikikaa juu ya ukingo badala ya ndani, kalipa inaweza kufunga kwa shida, pedi ikakaa mshazari na pedali ikawa ndefu.

Pini zitoe zote mbili, zifute, zipake grisi ya silikoni au ile maalumu ya breki, kisha zirudishe kwenye matundu yaleyale. Mara nyingi moja ina kikanda cha mpira na nyingine haina. Grisi ya kawaida ya beringi huivimbisha mipira ya breki, na mpira uliovimba huikamata pini kuliko hata kutu ilivyofanya. Bolti za pini ni ndogo, nyingi hukazwa kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 hadi 35. Za braketi hukazwa zaidi. Tumia kipimo cha kitabu cha gari lako.

Muda wote huo kalipa ining'inie kwa waya kwenye springi, isibembee kwenye hosi yake. Na asikanyage mtu pedali.

Pedali inazama hadi chini

Mara ya kwanza ni kawaida, na ni hatari pia. Umezirudisha pistoni ndani kabisa, kwa hiyo kuna nafasi kati ya pedi na diski. Kanyaga pedali taratibu, nusunusu, mpaka iwe ngumu, kabla gari halijasogea hata mita moja. Usiigandamize hadi sakafuni: kwenye gari la zamani, mipira ya masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali) itapita sehemu ambayo haijawahi kusuguliwa na inaweza kuchanika. Ikishakuwa ngumu, ndipo uvute na kushusha hendibreki mara kadhaa, kisha ukague kiwango cha mafuta.

Ikiwa ngumu lakini ndefu kuliko zamani, rudi kwenye kichuchu na mfereji. Kagua pia kama pistoni ya skrubu imejirekebisha pande zote. Wakati mwingine inahitaji kukanyagwa na kuvutwa hendibreki mara nyingi zaidi.

Ikibonyea kama sponji, jiulize kama ulifungua nipeli au bolti ya hosi. Kama hukufungua, hewa haikuingia kwa kubadilisha pedi tu, kwa hiyo angalia kama pedi zimekaa sawa. Kama ulifungua, toa upepo mpaka mafuta yatoke bila mapovu, ukikijaza kichupa njiani ili kisikauke. Aina ya mafuta imeandikwa kwenye kifuniko. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii moja ya glikoli. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo. Mafuta ya glikoli hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu hushusha joto la kuchemka: DOT 4 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, lakini iliyonyonya unyevu inaweza kushuka hadi 155. Kama yako ni meusi na hujui yaliwekwa lini, yabadilishe yote.

Pedali inayozama polepole huku umeikanyaga kwa uzito uleule ni jambo zito zaidi. Kagua uvujaji kwenye kila gurudumu. Usipouona, masta silinda inapitisha mafuta kwa ndani. Gari hilo lisiendeshwe.

Hendibreki haishiki, au inashika juu mno

Kishawishi ni kuikaza kebo ndani ya gari. Usianzie hapo. Nenda chini, tazama kile kimkono cha hendibreki kilicho kwenye kalipa: hendibreki ikiwa chini, kinatakiwa kilale kabisa kwenye kituo chake, pande zote mbili. Kikiwa kimeinuliwa hata kidogo, kebo imekazwa kupita kiasi au imekwama, na pistoni haiwezi kujirekebisha vizuri. Matokeo yake ni kinyume cha ulichotarajia: unakaza zaidi, inashika vibaya zaidi.

Utaratibu unaofaa ni kuilegeza kebo mpaka vimkono vyote vitulie, kukanyaga pedali mara nyingi ili pedi zifike zinapotakiwa, kisha kuikaza kebo mpaka vimkono vinakaribia kuanza kusogea, na kurudi nyuma kidogo. Kwa hendibreki yenye viatu ndani ya diski, rekebisha kigurudumu cha meno kupitia tundu la diski: kaza mpaka diski igome kuzunguka, kisha rudisha meno machache mpaka izunguke huru.

Gurudumu linachemka, gari linakuwa zito

Hili ndilo tatizo linalowasumbua watu kuliko yote, na ndilo watu hulikisia kuliko yote. Wanabadilisha kalipa, haponi mgonjwa, wanabadilisha kebo, haponi. Kumbe kuna mpangilio wa majaribio unaokupa jibu bila kununua kitu.

Kwanza hakikisha. Endesha mwendo mfupi bila kutumia breki sana, simama, na ulinganishe joto la magurudumu mawili ya nyuma kwa kipimajoto cha mwanga, kile kinachopima bila kugusa. Usiishike diski kwa mkono, wala usiimwagie maji. Tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto ina maana. Joto la kulingana baada ya mwendo wa breki nyingi ni la kawaida. Harufu kali na rangi ya samawati kwenye diski ni dalili kwamba hali imekuwa hivyo kwa muda.

Inua gurudumu linalochemka, gari likiwa kwenye stendi na kabari mahali pake, na ulizungushe kwa mkono. Mguso mwepesi wa pedi unaosikika ni sawa. Likihitaji nguvu, endelea.

Hatua ya kwanza: ichomoe kebo ya hendibreki kwenye kimkono cha kalipa. Gurudumu likilegea, kebo ndiyo iliyokwama ndani ya ganda lake, au imekazwa mno. Maji huingia pale ganda lilipochanika, na kutu hufanya yaliyobaki. Kebo ya namna hii hubadilishwa. Mafuta unayomwagia huisaidia kwa siku chache tu. Ukiona kebo imetoka lakini kimkono chenyewe hakirudi kwenye kituo chake, ugonjwa umo ndani ya kalipa.

Hatua ya pili, kama bado limeshika: mtu akanyage pedali na kuiachia, kisha ufungue nipeli kidogo. Mafuta yakiruka kwa shinikizo na gurudumu likalegea hapohapo, kuna shinikizo lililonaswa. Likiwa limenaswa kwenye gurudumu moja tu, mshukiwa ni hosi: kwa nje inaonekana nzima, kwa ndani imevimba na kufanya kazi ya vali, inaruhusu mafuta kwenda lakini inayachelewesha kurudi. Likiwa kwenye magurudumu zaidi ya moja, angalia masta silinda, na hasa kama fimbo ya pedali haiachi nafasi ya kurudi. Ukishafungua nipeli umeingiza hewa, kwa hiyo utatoa upepo baadaye.

Hatua ya tatu, nipeli wazi na bado limeshika: hapo ni chuma. Fungua kalipa. Pini zizunguke na kuteleza kwa mkono. Pedi ziteleze kwenye braketi. Vyote vikiwa laini, iliyobaki ni pistoni.

Kuna chanzo kimoja ambacho majaribio haya hayakionyeshi, nacho ni beringi ya gurudumu. Iliyochakaa nayo huchemka, lakini hunguruma kadiri mwendo unavyoongezeka, na gurudumu lililoinuliwa hucheza ukilitikisa juu na chini.

Kelele

Mlio mwembamba ukifunga breki kwa mwendo mdogo, pedi zikiwa mpya, mara nyingi unatokana na mtetemo kati ya bamba la pedi na kalipa. Vibati vya kuzuia kelele viliwekwa? Masikio ya pedi yalipakwa grisi ya breki kidogo? Grisi ikigusa nyama ya pedi au diski, pedi hiyo imekwisha kazi.

Mlio unaosikika ukiendesha na kukoma ukikanyaga breki: angalia ulimi wa chuma wa kuonyesha pedi imeisha, huenda umepinda ukagusa diski, au pedi ya ndani na ya nje zimebadilishana nafasi. Mkwaruzo wa mfululizo usiobadilika kwa breki ni bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski, ambalo hupinda kwa urahisi wakati wa kazi. Lirudishe kwa kidole. Mlio mmoja wa kugonga, ‘ko’, kila ukifunga breki baada ya kurudi nyuma ni pedi inayohama ndani ya braketi kwa kukosa vibati au springi yake.

Ukisikia chuma kikisaga chuma, simama.

Mtetemo

Wa nyuma husikika kwenye kiti na sakafu zaidi kuliko kwenye usukani. Kama hendibreki yako ni ya kebo na inatumia pedi hizohizo, nenda mahali patupu na salama, mwendo mdogo, uivute taratibu huku umebonyeza kitufe chake. Mtetemo ukitokea, ni wa nyuma.

Diski mpya inayotetemesha mara nyingi haina kosa. Kosa ni kutu kwenye habu, kitovu cha gurudumu, diski inapokalia. Chembe ndogo tu ya kutu huikalisha diski mshazari. Toa diski, sugua habu mpaka ing'ae, rudisha. Ikigoma kutoka, mara nyingi ina matundu mawili yenye uzi: kaza bolti mbili kwa zamu na itajisukuma yenyewe. Nati za gurudumu kaza kwa mpangilio wa kuvuka, nyingi zikiwa kati ya Nm 100 na 120.

Sababu nyingine ni pedi ambazo hazikuzoeshwa. Zikiwa mpya, fanya upunguzaji wa mwendo mara nane hadi kumi kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 15 hivi, bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi ya kupoa kati ya moja na nyingine. Kisha endesha dakika kadhaa bila breki. Kusimama na kukandamiza pedali pedi zikiwa moto huacha alama ya pedi kwenye diski, na alama hiyo ndiyo utakayoisikia kwenye kiti.

Taa imewaka kwenye dashibodi

Taa ya breki: kagua kiwango cha mafuta, kisha swichi ya hendibreki. Magari yenye waya wa kupima pedi huhitaji waya mpya kila ule wa zamani unapofika kwenye diski na kukatika. Kuuunganisha ule uliokatika hakuaminiki. Taa ya hendibreki ya umeme inayometameta kwa kawaida inasema hali ya matengenezo haijafungwa. Na ikiwaka ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) peke yake baada ya kazi hii, fuata waya wa sensa nyuma ya habu: huenda ulivutwa kalipa ilipotolewa, au umeachwa nje ya klipu zake na sasa unaguswa na gurudumu. Urudishe kwenye klipu, kagua kama ganda halijachubuka, kisha uendeshe kidogo uone kama taa inazimika.